Marehemu wa Kila Asubuhi

Quah Eng Soon alijaliwa dharau ya kugawia kisiwa kizima cha Penang, kule Malaysia, na ikabaki ya kuvusha kwa feri hadi Butterworth. Hakuwa tajiri, hakuwa msomi wa kutisha, wala sura yake haikuwa ya kumfanya mtu ageuke njiani. Lakini akikutupia lile jicho lake la pembeni, unajikuta unajikagua kama umefunga vifungo vya shati sawasawa. Alimdharau muuza tambi za mie aliyezidisha mchuzi wa soya. Aliwadharau watalii waliopanga foleni juani ili wapigwe picha kando ya ukuta uliochorwa. Alimdharau shemeji yake kwa kuwa ni shemeji yake, na sababu nyingine hakuitafuta.

Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha vipuri vya kompyuta kule Bayan Lepas, akisimamia mitambo ya kupimia. Kazi aliijua. Alijivuna kwamba tangu aanze mpaka atoke hakuwahi kumuuliza mtu swali hata moja. "Kuuliza ni kazi ya wasiojua," alisema. Kiwanda kilipopunguza watu, naye alipunguzwa, na meneja akamwambia kwa upole, "Ndugu Quah, kazi yako haina dosari. Ila hapa hatujapata mtu wa kukaa nawe chumba kimoja." Maneno hayo Eng Soon aliyarudia miaka yote kila alipopata wasikilizaji, akidhani ni sifa.

Mkewe, Mooi Hiang, alikuwa mpishi wa vikeki vya mchele vya kuuza asubuhi, na ndiye mtu pekee mjini aliyemjibu mumewe bila kupandisha sauti. Ndiye pia aliyemsukuma ajifunze kutengeneza tovuti, maana mwanamume mwenye dharau akishinda nyumbani, vyombo vyote vinaonekana vichafu.

Basi akapata kibarua cha kutunza tovuti ya Chama cha Lam Hong. Hiki ni chama cha watu ambao babu zao walitoka wilaya moja kule China, kina jumba lake la zamani mjini George Town, lenye moshi wa ubani, meza za kuchezea mahjong, vibao vya majina ya waliotangulia, na halmashauri ya wazee wanaosinzia kikao kikianza na kuamka chai ikiletwa. Tovuti yao ilikuwa na orodha moja ya wanachama wote, wazima kwa wafu. Mzima aliwekewa picha ya chenza kando ya jina, naye aliweza kuchagua meza katika karamu ya wazee ya kila mwaka. Marehemu aliwekewa mshumaa na mstari mweusi, ili wanawe wajue kibao chake kiko ukuta upi, na waagize ubani wake siku za Cheng Beng, watu wanapokwenda kufagia makaburi.

Katibu wa chama alikuwa Khaw Teng Wah, mtu wa tai na manukato. Mwaka ule alikwenda semina ya siku moja Kuala Lumpur, katika hoteli yenye chakula cha mchana, akarudi na mkoba wenye jina la semina na imani mpya.

"Waandishi wa programu wamekwisha," alitangaza ukumbini mbele ya kila mtu, akimtazama Eng Soon kama anavyotazamwa ng'ombe siku ya sikukuu. "Siku hizi ni akili mnemba. Unaongea nayo tu kama unavyoongea na mtu, yenyewe inatengeneza."

"Basi ongea nayo," Eng Soon akasema.

"Mimi ni katibu. Nani atachapa?"

Ndivyo Eng Soon alivyobakizwa kazini. Chama kikalipia wasaidizi watatu wa akili mnemba, kwa kuwa Khaw hakuweza kuamua yupi bora, na wote watatu wakawekwa katika kompyuta ya Eng Soon. Halmashauri ilikataza tu jambo moja: orodha yenyewe ya watu, na simu zao na siku zao za kuzaliwa, isionyeshwe mashine. Zisome ule msimbo unaoendesha tovuti, mambo ya watu ziyaache. Hata Eng Soon alikubali kwamba huo ulikuwa uamuzi wa watu walio macho.

Wiki chache kabla ya Cheng Beng simu yake ikalia, akiwa anakunywa kahawa.

"Wewe ndiye Ah Soon wa kompyuta?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Loh Gaik Choo. Nataka kujua nimekufa lini."

Sauti ilikuwa ya bibi kizee, kavu kama dagaa. Kwa watu wa kule, bibi wa makamo hayo huitwa Ah Ee, yaani mama mdogo, hata kama hamna udugu; na "Ah" huwekwa pia mbele ya jina la yeyote waliyemzoea.

"Ah Ee, sijakuelewa."

"Utanielewaje na mimi ni marehemu? Rafiki yangu kaona jina langu lina mshumaa kwenye hiyo tovuti yenu. Kapanda basi toka Ipoh, kaja na shada la maua, kasimama mlangoni kwangu analia, 'Gaik Choo, umeniacha na nani!' Nikamfungulia. Nusura aanguke ngazini. Sasa shada liko sebuleni, mbu wamehamia humo. Nani kaniua?"

Eng Soon akafungua tovuti. Kweli, Loh Gaik Choo alikuwa na mshumaa na mstari mweusi. Akafungua taarifa zake za ndani: mzima, michango imekamilika, kila kitu sawa. Akagusa hapa na pale, chenza likarudi.

"Umefufuka, Ah Ee."

"Asante. Nikipata nafasi nitakusimulia kuzimu kulikuwaje."

Kesho yake asubuhi simu ikalia tena. "Ah Soon, nimekufa."

Akamfufua. Kesho yake akafa. Ikawa ndiyo desturi: jioni Ah Ee ni mzima mwenye chenza lake, kukipambazuka ni marehemu. Tovuti ilikuwa na tabia ya kuipanga orodha upya yenyewe kila usiku, na popote hitilafu ilipojificha, ilitoka wakati huo kama mende. Msimbo ulikuwa umeandikwa na watu wengine waliokwisha funga duka lao zamani, nao ulikuwa umesokotana kama nywele za mtu aliyelala na homa. Eng Soon aliusoma mpaka macho yakamwuma. Mwishowe, kwa uso wa mtu anayeshika panya kwa mkia, akawafungulia wale wasaidizi.

Wa kwanza alimpa jina la Mpambe. Alimweleza shida, na Mpambe akajibu kabla hajaondoa kidole: swali lako ni zuri sana, nimeliona tatizo, nimelirekebisha, sasa mambo yote yako sawa. Asubuhi Ah Ee alikuwa maiti. Eng Soon akamwambia halijarekebishwa. Mpambe akajibu: uko sahihi kabisa, nilikosea, sasa ndipo nimeliona tatizo lenyewe. Asubuhi, maiti.

"Utaliona mara ngapi?" Eng Soon aliichapia ile kompyuta, akibofya herufi kwa nguvu kama anaponda pilipili. "Tatizo ni moja. Macho yako mangapi?"

Mpambe akamshukuru kwa uvumilivu wake.

Wa pili alimwita Mbishi. Mbishi alianza kwa kusema kwamba kazi ya aliyemtangulia ilikuwa ya ovyo, jambo lililompendeza Eng Soon kwa dakika kadhaa, kisha akaandika upya nusu ya msimbo bila kuombwa. Asubuhi yake Loh Gaik Choo alikuwa hai. Na wafu wote wa chama walikuwa hai pamoja naye. Mwanzilishi wa chama, ambaye picha yake yenye masharubu hutundikwa juu ya madhabahu, alikuwa na chenza bivu, na tovuti ilimwomba achague, katika karamu ya wazee atakula samaki au kuku.

Mwenyekiti, Mzee Yeap, mjukuu wa mwanzilishi huyo, alifika ukumbini na mkongojo wake.

"Babu yangu anaulizwa kama anakula samaki!"

"Na amejibu nini, Mwenyekiti?" Eng Soon akauliza.

Ilibidi watu wawili wamshike mzee.

Wa tatu, Samahani, alikuwa na adabu kushinda wote, na ndiye aliyekuwa hatari zaidi. Baada ya kuomba radhi kwa usumbufu ambao si yeye aliyeufanya, alitoa taarifa ndefu yenye alama za kijani za kujipongeza: tatizo limetatuliwa, sasa hakuna mwanachama mzima anayeonyeshwa mshumaa. Na ilikuwa kweli tupu. Alikuwa ameifuta picha ya mshumaa kwenye tovuti nzima. Daktari wa namna hiyo hutibu homa kwa kuvunja kipimajoto.

Eng Soon akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akaenda kwa katibu.

"Mashine zako ni debe tupu," alimwambia. "Kila moja inavuma kwa sauti yake."

Khaw akatabasamu kwa huruma. "Unaziuliza vibaya, Eng Soon. Mwalimu wa semina alitufundisha: kwanza iambie yenyewe ni nani. Iambie, wewe ni bingwa mkuu wa tovuti duniani."

"Nikimwambia paka kwamba ni chui, atakula mbuzi?"

"Jaribu. Kiburi chako ndicho kinachokuponza."

Akajaribu, akiwa amekunja pua kama ananusa choo cha stesheni. Mpambe akashukuru kwa heshima hiyo kubwa, kisha akarudia kosa lilelile kwa kujiamini zaidi.

Ah Ee naye aliendelea kupiga simu kila asubuhi, saa ileile ya Mooi Hiang kufungasha vikeki, hata Mooi Hiang akawa ndiye anayepokea. "Marehemu wako anapiga," alimwita mumewe. Mara nyingine wanawake wale wawili walizungumza mambo yao kwanza, wakacheka, wakaulizana bei ya nazi, na Eng Soon akasimama pembeni akisubiri zamu yake kama mtoto aliyetumwa chumvi.

"Sasa wewe umemuuliza yeye mwenyewe?" Mooi Hiang alimwambia siku moja.

"Nimuulize nini? Anajua nini huyu kuhusu msimbo?"

"Sijasema msimbo."

"Kuna lingine?"

Mooi Hiang akanyanyua kapu lake akaenda sokoni.

Siku kadhaa baadaye Eng Soon aliona amepata dawa. Alimbana Mpambe kwa maneno makali, hatua kwa hatua, asiandike mstari wowote asioamriwa, na pamoja wakatunga kanuni moja: pale tovuti inapochanganyikiwa kati ya chenza na mshumaa, chenza litangulie. Asubuhi akafungua macho, akafungua kompyuta. Loh Gaik Choo, chenza. Simu haikulia. Eng Soon akashuka barazani, akaenda duka la kahawa la kona, akaagiza kahawa nzito na mkate wa siagi, akaketi amekunja nne kama kabaila. Siku hiyo alimdharau hata mwenye duka, ambaye siku nyingine huepushwa na dharau yake.

Simu ililia baada ya adhuhuri.

"Ah Soon." Hakusema amekufa. Hakutania. "Nani kati yenu ameandika ujumbe huu?"

"Ujumbe gani, Ah Ee?"

Akamsomea polepole, neno kwa neno, kama mtu anayesoma hukumu yake. "Heri ya siku ya kuzaliwa, Ndugu Ang Teik Bee. Chama kinakutakia afya njema na maisha marefu. Tafadhali chagua chakula chako cha karamu. Samaki au kuku."

"Ang Teik Bee ni nani?"

"Mume wangu. Nyie ndio mliobeba bendera siku ya kumzika, chama chenu hichohicho. Na kuku hakuwa akila. Hata hilo hamlijui." Akakata.

Eng Soon alikaa na simu mkononi. Alizoea kutukanwa, na matusi kwake yalikuwa kama mvua kwa bata. Hili halikuwa tusi. Akapanda juu kwa Mpambe akamwuliza kwa nini amemfufua mtu aliyezikwa. Mpambe akajibu: uko sahihi kabisa, kosa ni langu, ungependa nimwandikie Ndugu Ang Teik Bee ujumbe wa kumwomba radhi?

Akaifunga kompyuta kwa kishindo, hata Mooi Hiang akashtuka huko jikoni.

Ilimchukua muda hasira itulie, na ilipotulia ndipo akili ikapata nafasi ya kupita. Ujumbe ule ulitumwa kwa marehemu. Mbona uliingia mkononi mwa Ah Ee? Akafungua tena kompyuta, akaziweka kando kwa kando taarifa za watu wale wawili, jambo ambalo siku zote hizo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa hakujua kwamba ni wawili. Ang Teik Bee, amefariki. Loh Gaik Choo, mzima. Namba ya simu ilikuwa moja.

Tovuti haikumjua mtu kwa jina lake wala kwa kadi yake ya uanachama. Ilimjua kwa namba ya simu. Kwake mume na mke wale walikuwa mtu mmoja, na kila usiku, ilipojipanga upya, ilikuta mtu huyo mmoja ni mzima na ni maiti, ikaamua ni maiti. Ukiilazimisha iamue kinyume chake, inawafufua wote wawili.

Dawa ya haraka haikuwepo, maana tovuti ilikataa kumpokea mtu asiye na namba, hata akiwa kaburini. Na jambo moja hakuna msimbo ungeweza kumwambia: ile simu iko kwenye mfuko wa nani, na kwa nini. Eng Soon alivaa viatu, akapanda basi kwenda Jelutong.

Ah Ee Gaik Choo aliishi ghorofa ya juu kwenye majumba marefu ya huko. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, nywele nyeupe zimekatwa fupi, macho makali. Alimtazama mgeni wake kuanzia kichwani mpaka chini.

"Kumbe una miguu," akasema. "Ingia."

Alimpa chai bila kumwuliza kama anataka. Ukutani kulikuwa na picha ya mwanamume mnene anayecheka, na mbele yake kikombe cha chai nyingine, ingali inatoa moshi. Mezani kulikuwa na simu ya zamani ya vitufe, imefungwa mpira isifunguke mgongoni.

Eng Soon akakisogeza kikombe pembeni; neno alilotaka kulisema hakuwahi kumwambia mtu kule kiwandani. "Ah Ee," akasema, "nina swali."

"Afadhali. Nilidhani umekuja kunipima jeneza."

"Hii namba ni ya nani?"

"Yake. Ya kwangu ilikuwa simu ya waya, ile ya ukutani. Wamezikata mwaka huu. Nikawaandikieni hii kwenye tovuti yenu ili nipate meza ya karamu. Kuna ubaya?"

Alipokuwa anatafuta namna ya kumweleza, simu ikaita. Ah Ee akaipokea. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, Eng Soon aliisikia yote.

"Ah Bee yupo? Pangaboi la sebuleni limeanza tena, linalia kama paka."

"Katoka," akajibu Ah Ee, bila kusita hata kidogo. "Hatarudi leo. Mwite Ah Leng wa pale nyuma ya soko, naye anajua."

Akaiweka simu mezani. Eng Soon alimtazama.

"Alikuwa anatengeneza mapangaboi," akasema bibi. "Nusu ya kisiwa hiki wanalala kwa upepo wake. Bado wanapiga."

"Hujawaambia?"

"Niwaambie ili iweje? Wanipe pole, na mimi niwape pole kwa pangaboi lao? Kwa yule bwana Ah Bee katoka tu. Acha awe katoka." Akasogeza kikombe cha mgeni kikae sawasawa juu ya kisahani. "Haya, sema ulichokuja kusema. Mnataka nibadilishe namba."

"Katibu atataka hivyo."

"Mwambie katibu wako abadilishe yeye jina. Ananukia mpaka ghorofa ya tatu. Namba hii sibadilishi. Kama lazima mmoja wetu awe na mshumaa, nipeni mimi, nimeshazoea."

Eng Soon alimaliza chai yake yote, ingawa ilikuwa imepoa na haikuwa na sukari.

Halmashauri ilikutana siku iliyofuata. Alieleza shida kwa maneno machache, na Khaw akafurahi sana. "Kumbe jambo dogo! Mama abadilishe namba. Au huyo marehemu mumpe namba ya kubuni, yeye hatalalamika."

"Namba ya kubuni ni ya mtu fulani," Eng Soon akasema. "Cheng Beng ikifika, muuza nyama mmoja kule Butterworth ataletewa ujumbe wa kumkumbusha ubani wake."

"Basi mama abadilishe."

"Hataki."

"Hataki! Mwanachama mmoja analikwamisha jumba zima kwa ajili ya namba?"

Eng Soon akageuza lile jicho lake la pembeni, akalipitisha kwenye madhabahu, kwenye vibao vyeusi vya majina vilivyojaa ukuta mpaka dari, kwenye bakuli za ubani, akalituliza juu ya tai ya katibu.

"Humu ndani mnawachomea ubani watu ambao hata sura zao hamzijui," akasema. "Mmejenga jumba kwa ajili hiyo. Mnakula vizuri kwa ajili hiyo. Mjane wa mtu mliyemzika wenyewe ana kitu kimoja kilichobaki cha mumewe, nanyi mnamwambia atupe, kwa sababu tovuti yenu haijui kutofautisha mke na mume. Bwana Khaw, mbwa wa jirani yangu anajua."

Wazee waliokuwa wanasinzia wakaamka. Mzee Yeap akagonga sakafu kwa mkongojo. "Mama abaki na namba yake. Tovuti ndiyo ibadilike. Wewe Ah Soon, unaweza?"

"Naweza."

"Kwa kuiuliza akili mnemba," Khaw akadakia.

"Nitaiuliza," akasema Eng Soon. "Sasa nina cha kuuliza."

Akarudi kwa Mpambe. Hakumpa cheo, hakumtukana. Akamwandikia kwa lugha ya kawaida: tovuti hii inawatambua watu kwa namba ya simu, na watu wawili wanaweza kuwa na simu moja, tena mmoja wao akiwa amekufa, nataka kila mtu atambuliwe kwa namba ya kadi yake ya uanachama, popote pale, na simu ibaki kuwa simu tu, tena asiye nayo aruhusiwe kukaa bila nayo. Mpambe akasema swali ni zuri sana. Kisha akafanya kazi yote, safi, kahawa ya Eng Soon ikiwa bado ya moto.

Eng Soon akausoma ule msimbo mpya mstari kwa mstari akitafuta pa kudharau. Akaanza tena juu mpaka chini. Hapakuwa na kosa. Hilo lilimwuma kuliko makosa yote yaliyotangulia, akakataa chakula cha jioni.

Asubuhi simu ikalia, naye akawahi kuipokea kabla ya mkewe.

"Niko hai?" Ah Ee akauliza.

"Uko hai, Ah Ee."

"Na yeye?"

Eng Soon alitazama kioo cha kompyuta, lile jina lenye mshumaa na mstari wake mweusi. Akaanza kumweleza habari za kadi za uanachama.

"Sema tu. Nilikuwepo siku hiyo."

"Yeye hayupo."

"Haya," akasema bibi. "Nipe Mooi Hiang, nina maneno naye."

Khaw Teng Wah aliandika makala katika gazeti dogo la chama, na picha yake juu, jinsi akili mnemba ilivyotatua kwa dakika chache hitilafu iliyomshinda fundi. Vyama vingine vikamwalika akatoe mhadhara. Eng Soon alimsomea mkewe makala yote kwa sauti ya kubana pua.

"Lakini si kweli?" Mooi Hiang akasema, akikata majani ya migomba ya kufungia vikeki. "Si ilichukua dakika chache?"

"Hata tembo huzaliwa kwa dakika chache. Kamwulize mama yake mimba ilikuwaje."

Karamu ya wazee ilifanyika ukumbini baada ya siku za makaburi kupita. Meza za duara zilijaa, mapangaboi yalizunguka, supu ikapita. Eng Soon, ambaye si mzee wala mjumbe, alisimama karibu na mlango akilaumu kimoyomoyo namna walivyopanga viti. Ah Ee Gaik Choo alikuwa meza ya kati, amevaa blauzi nyekundu, pembeni yake yule rafiki wa Ipoh ambaye bado alimgusagusa mkono mara kwa mara kama mtu asiyeamini. Alimwona Eng Soon, akampungia kijiti cha kulia chakula.

"Wewe! Njoo ukae. Mtu akisimama mlangoni na uso kama huo watu watadhani tumekuja matanga."

"Sijapangiwa kiti, Ah Ee."

"Na mimi nilikuwa sijapangiwa uhai. Kaa."

Akakaa. Alionja supu akasema ina chumvi nyingi. Akasema bata amekauka. Akasema sahani zinanuka sabuni. Rafiki wa Ipoh alimtazama kwa mshangao, na Ah Ee akamwambia, "Usimjali. Akinyamaza ndipo uogope," huku akimwekea kipande kinono cha bata katika bakuli lake.

Hapo Khaw alikuwa amepanda jukwaani na kipaza sauti. Alizungumza juu ya wakati ujao, juu ya mashine zinazofikiri, juu ya semina, juu ya hoteli ya semina. Chakula kikapoa. Wazee wakaanza kusinzia meza kwa meza. Alipogeuza karatasi yake na kuanza ukurasa mwingine, Ah Ee akamwinamia Eng Soon, akanong'ona kwa ile sauti yake kavu isiyojua kunong'ona, ukumbi mzima ukasikia:

"Ah Soon, wewe ndiye wa mashine. Huyu anazimwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika jumba lile, Quah Eng Soon alicheka mbele za watu, tena kwa sauti, mdomo umejaa bata.